Siku moja Petrified Forest: anzeni kusini

Ndugu, umeuliza kama hifadhi ya Petrified Forest (msitu wa miti iliyogeuka mawe) kule Arizona inafaa kwa wewe na mkeo mkitoka Flagstaff kwenda Albuquerque, na yeye hapendi kutembea sana. Inafaa mno. Barabara ya ndani ni kama kilomita 45, na vingi mnaviona karibu na gari.

Msiingilie lango la kaskazini. Pitieni mji wa Holbrook, mshike barabara ya 180 hadi lango la kusini asubuhi, jua halijawa kali. Nyuma ya makumbusho kuna njia fupi ya Giant Logs. Inameni mtazame gogo lililokatika: ganda linaonekana la mti kabisa, ila ndani ni jiwe la kwatzi (quartz), nyekundu, njano na zambarau. Miti hiyo ilifukiwa na tope la mito zaidi ya miaka milioni 200 iliyopita. Msiokote hata kipande, ni kosa la jinai.

Blue Mesa, sehemu ya vilima vya rangi ya buluu na kijivu, ndiyo ningeipa muda mrefu. Njia ni kilomita moja na nusu hivi, lakini mteremko wake mkali, na kurudi ni kupanda. Mkeo akichoka, juu pia panaonekana vizuri. Newspaper Rock, miamba yenye michoro ya kale iliyochongwa, ni ya dakika chache tu.

Painted Desert, jangwa la rangi upande wa kaskazini, iacheni alasiri, rangi hukolea jua likishuka. Kisha mnatokea barabara kuu ya I-40, Albuquerque moja kwa moja. Ndani hakuna hoteli, na malango hufungwa mapema. Maji bebeni ya kutosha.