Kazi ya kumsaidia daktari wa meno: zaidi ya bomba la mate

Mdogo wangu wa Mambrui, umeuliza kama kazi hii ina raha yoyote au ni kushika bomba la kufyonza mate mpaka jioni. Mimi naifanya hapa Malindi, kwenye kliniki ya mtu binafsi, kwa hiyo nitasema ninayoyaona.

Mshahara tuumalize mapema: haujengi nyumba. Mgongo nao utauma, maana muda mwingi umeinama.

Raha yenyewe ni kwamba huku kwetu mtu huingia akilia na kutoka akiongea. Mvuvi anakuja shavu limefura, usiku kucha hakupata usingizi, ametia karafuu, ametia chumvi, wengine hata tumbaku. Anapigwa ganzi, gego linang'olewa, usaha unatoka, na kabla hajafika mlangoni ameshauliza wali ataula saa ngapi. Kazi ngapi za hospitali zinakupa jibu siku hiyohiyo?

Na shukrani nyingine huja kwako moja kwa moja. Daktari anatazama jino. Anayemtazama mwenye jino ni wewe. Mgonjwa mdomo uko wazi, hawezi kusema, lakini vidole vya miguu vinasema. Ukiviona vinajikunja, mguse daktari kiwiko, asimame, aongeze ganzi. Kuna bibi mmoja hakubali kuketi kwenye kile kiti mpaka ahakikishe nipo, na daktari mwenyewe hulicheka jambo hilo.

Ramadhani ndiyo hunifanya nijione nina maana zaidi. Daktari wetu ni mtu wa bara, hakujua kwa nini watu walikuwa wakiahirisha mwezi mzima. Wanaogopa maji ya drili yasipite kooni wakafungua. Nikamweleza, sasa wa kusafisha na kuziba tunawapa nafasi baada ya tarawehe. Aliyefura shavu tunamwambia asingoje, usaha hausubiri Idi. Suala la kulipa saumu akamuulize shehe wake.

Halafu kuna ufundi wa mkono, ambao watu wa nje hawauoni. Ile dawa ya kuzibia inayokorogwa kwa unga na maji yake lazima iingie jinoni ingali inang'aa. Mng'ao ukififia haishiki vizuri, unaitupa na kuanza upya. Siku utakapoweza kuikoroga ikafika mkononi mwa daktari wakati uleule anaponyoosha mkono, bila yeye kusema neno, utaelewa ninachokuambia. Kuua vijidudu kwenye vyombo pia ni dhamana yako: mashine ya mvuke, nyuzi 121 kwa dakika 15, au nyuzi 134 kwa dakika 3, ukihesabu tangu joto lifike, si tangu ubonyeze swichi. Stima ikipotea katikati, na Malindi unaijua, mzunguko wote unarudiwa hata kama foleni imefika nje.

Elimu nayo inarudi nyumbani. Kina mama wengi hawajui kwamba gego la kwanza la kudumu huota mtoto akiwa na miaka sita hivi, nyuma kabisa ya meno ya utoto, bila jino lolote kung'oka kulipisha. Wanadhani ni la utoto, litang'oka tu, mtoto anaendelea na mabuyu ya rangi mpaka litoboke. Mtaani kwetu siku hizi nikipita naitwa, "Dada, hebu mtazame huyu." Pia jino la mbele la mtu mzima likidondoka kwa kuanguka, lishike upande wa kutafunia, usiusugue mzizi, litie ndani ya maziwa na ukimbie kliniki, likirudishwa ndani ya nusu saa lina nafasi nzuri ya kushika.

Kama umeamua, chanja homa ya ini aina ya B kabla hujagusa sindano ya mtu. Ni dozi tatu, na ya mwisho huja miezi sita baada ya ya kwanza, basi anza sasa. Wengi wetu tulifunzwa kazini, lakini ukiwa na alama za kutosha, ulizia KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, stashahada ya afya ya kinywa ya jamii. Hiyo itakufikisha mbali kuliko nilipo. Kabla ya kulipa karo popote, omba kliniki yoyote ikuruhusu ukae pembeni siku mbili tatu uangalie. Nenda na viatu vya kufunika vidole, na usiende na njaa, harufu ya usaha haipatani na tumbo tupu.