Mahakama Maalum ya Katiba ipo, ila mlango wake si wako

SWALI: Wakili msomi, habari za kazi. Mimi nauza nafaka, na halmashauri yetu imetunga sheria ndogo ya ushuru ambayo naona inapingana na Katiba. Kwenye semina tuliambiwa Tanzania ina Mahakama Maalum ya Katiba. Naifuata wapi, na inatofautianaje na ile ya Afrika Kusini? Halafu mkufunzi alitaja utawala wa sheria na utawala bora kama kitu kimoja. Ni kimoja kweli?

JIBU: Ndugu yangu, mkufunzi hakudanganya kuhusu mahakama hiyo, ila ukitoka asubuhi kuitafuta utarudi jioni mikono mitupu. Haina jengo wala masjala, na haijawahi kuketi kusikiliza shauri hata moja. Soma ibara ya 126 ya Katiba ya 1977: kazi yake pekee ni kutoa uamuzi wa usuluhishi pale Serikali ya Muungano na Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar zinapobishania tafsiri ya Katiba. Nusu ya wajumbe huteuliwa na upande huu, nusu upande ule, na uamuzi haupiti mpaka ukubaliwe na theluthi mbili ya wajumbe wa kila upande. Mimi huiita kikao cha wakwe. Kinaitwa ndoa ikiwaka moto tu, na wanandoa hawa siku zote wameona heri wayamalize chumbani.

Mlango wako ni Mahakama Kuu. Ibara ya 30(3) inampa haki ya kufungua shauri huko mtu yeyote anayedai haki yake ya kikatiba imevunjwa, inavunjwa au inaelekea kuvunjwa, na shauri lenyewe husikilizwa na majaji watatu. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2020 yaliweka sharti la kuonesha kwa hati ya kiapo jinsi jambo hilo lilivyokugusa wewe binafsi. Kwa mlipa ushuru mwenye risiti mkononi hilo si tatizo. Tatizo lako liko kwingine: ikiwepo njia nyingine ya kutosha ya kupata nafuu, Mahakama itakuambia ukaanzie huko. Na kwa sheria ndogo njia hiyo kwa kawaida ipo, nayo ni mapitio ya mahakama, ambapo unadai halmashauri imevuka mamlaka iliyopewa na sheria mama au imeruka utaratibu wa kuitunga.

Sasa Afrika Kusini. Mahakama yao ya Katiba ilianza kazi 1995, iko Johannesburg, kwenye eneo lililokuwa gereza. Ina majaji 11, na jaji hukaa miaka 12 hadi 15 bila kuteuliwa tena, kwa hiyo hana sababu ya kumbembeleza mtu. Mahakama ya chini ikisema sheria ya Bunge ni batili, tamko hilo halina nguvu mpaka wao walithibitishe. Juni 2021 walimhukumu Jacob Zuma, rais mstaafu, kifungo cha miezi 15 kwa kukaidi amri yao, na akaingia ndani.

Lakini usidanganywe na jina. Uganda hawakujenga mahakama mpya: Mahakama yao ya Rufani ikiketi na majaji watano ndiyo inakuwa Mahakama ya Katiba. Kenya hakuna mahakama yenye jina hilo, kesi zinaanzia Mahakama Kuu, na Katiba yao ya 2010 inamruhusu mtu kushtaki kwa maslahi ya umma hata kama yeye hakuguswa. Ni Mahakama ya Juu ya Kenya iliyofuta uchaguzi wa rais tarehe 1 Septemba 2017. Burundi jina wanalo kamili, ila mwaka 2015 mahakama hiyo ilipobariki muhula wa tatu wa Rais Pierre Nkurunziza, makamu wa rais wa mahakama hiyo alikimbia nchi akisema majaji walishinikizwa.

Mimi nikipima nchi, natazama kinachotokea kesho yake baada ya hukumu. Kwetu, 1994 Mahakama Kuu ilikubaliana na Mchungaji Christopher Mtikila kuhusu mgombea binafsi, yaani asiyepitia chama, na mwaka huohuo Bunge likabadilisha Katiba kuziba mwanya. Akarudi, akashinda tena 2006. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikasema hilo ni la Bunge. Mwaka 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, hapo Arusha, ikampa ushindi. Karatasi ya kura haikubadilika. Kwenye ndoa za utotoni, mwanaharakati Rebeca Gyumi alishinda 2016, Serikali ikapewa mwaka mmoja kurekebisha Sheria ya Ndoa, na Mahakama ya Rufani ikathibitisha Oktoba 2019. Mwaka ukaisha, vifungu vikabaki vilevile. Majaji walifanya yao. Kilichokwama kiko nje ya chumba cha mahakama.

Hapo ndipo utawala wa sheria na utawala bora vinapoachana. Wa kwanza unauliza: aliyetenda alikuwa na mamlaka, alifuata utaratibu, na akiamriwa na mahakama anatii? Wa pili ni mpana zaidi, unaingiza uwazi, uwajibikaji na huduma. Zahanati kukosa dawa ni utawala mbovu, ingawa huenda hakuna kifungu kilichovunjwa. Kubomoa vibanda bila notisi kunaweza kusafisha mji vizuri sana, na bado kukawa uvunjaji wa sheria. Malalamiko ya namna hii unaweza kuyapeleka hata Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, ambayo haihitaji wakili.

Turudi kwenye ushuru wako. Mapitio yanaanza kwa kuomba kibali, na kibali huombwa ndani ya miezi sita tangu kufanyika kwa jambo unalolipinga. Watu huja ofisini miezi minane baadaye na hoja nzuri iliyokwisha kuoza. Tafuta nakala ya Tangazo la Serikali lililoichapisha sheria hiyo ndogo, ubandike risiti zako nyuma yake, halafu kabla ya lolote angalia tarehe.