Swali la lugha: Tuna "yeye", je, inatosha?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nasoma mwaka wa pili chuoni hapa Moshi, na muhula huu tuna somo la jinsia na ufeministi. Tumejifunza jinsi wanawake wanaotumia Kiingereza walivyopinga kila mtu kuitwa "he" na kila mwenyekiti kuitwa "chairman". Nilipouliza Kiswahili nacho kirekebishwe wapi, wenzangu walisema sisi tuna "yeye", kazi imekwisha. Ni kweli?

JIBU: Marahaba. Kwa upande wa sarufi wana haki. Ukiambiwa "amefika", huwezi kujua kama ni mwanamke au mwanamume. Mwenyekiti ni yeyote aliyekabidhiwa kiti, na "mwana" wa mwanasheria au mwanajeshi si wa kiume. Samia Suluhu Hassan alipoapishwa mwaka 2021, hatukulazimika kutafuta neno jipya: Rais ni Rais.

Lakini kazi haijakwisha, na insha zenu ndizo zinazonionyesha. Chukua maneno "mkulima wa kahawa". Katika vihamba (mashamba ya familia) vya Uchagani, kwa mazoea ya miaka mingi, kahawa ilihesabiwa kuwa mali ya baba na ndizi kuwa za mama, ingawa mama huyohuyo alishiriki kuchuma kahawa na kuianika. KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, ilianzishwa mwaka 1933, na katika madaftari ya vyama vya msingi jina la mwanachama kwa kawaida lilikuwa la mwenye kihamba, yaani mwanamume. Sasa mwanafunzi anaandika: "Mkulima alichuma kahawa, akaipeleka chamani, akalipwa." Sarufi yake haina ubaguzi hata chembe. Ila aliyechuma na aliyelipwa huenda ni watu wawili, na ile a- imewafanya mmoja. Mama amepotea ndani ya sentensi safi kabisa.

Ndiyo maana dawa ya Kiingereza hatuwezi kuinywa kama ilivyo. Wao walihangaika kuiondoa jinsia kwenye maneno. Sisi mara nyingine inatubidi kuitaja. Andika "wanawake walichuma, waume zao wakalipwa" ikiwa ndivyo ilivyokuwa. Naona huo ni uaminifu kwa watu unaowaandika.

Kinyume chake pia kipo. Vichwa vya habari vya aina ya "Dereva mwanamke apata ajali" vinaniudhi sana. Jiulize kama ungeandika "dereva mwanamume". Kama usingeandika, liondoe neno "mwanamke".

Kuhusu ndoa, najua mnabishana sana. Mume huoa, mke huolewa, na ile -w- ya kutendwa inamweka mke upande wa kutendewa. Wapo wanaopendekeza tuseme "Neema ameoa". Sikushauri hivyo, kwa sababu msikilizaji atadhani unamsuta mumewe, kama watu wanavyomsema mwanamume aliyehamia kwa mkewe kuwa "kaolewa". Tunayo "wameoana" na "wamefunga ndoa", yote mawili ya kale na hayamdhalilishi mtu. Ila usiyatumie kufunika jambo: msichana aliyeozwa kwa nguvu ameozwa, na tendo hilo liandikwe hivyo hivyo.

Msiwadharau watu wa mitaani katika somo hili. Wanaume walipoanza kuuza chakula pembeni mwa mama lishe, wananchi wakasema "baba lishe" bila kusubiri kamati yoyote, na leo viongozi hutaja yote mawili kwenye hotuba.

Mwisho, uliambatanisha barua ya chama chenu cha wanafunzi inayoanza "Bwana Mwenyekiti", na umenieleza mwenyekiti wenu ni msichana. Rudisheni "Ndugu Mwenyekiti". Tangu enzi za TANU, "Ndugu" imekuwa ikitumika kwa wanaume na wanawake sawasawa, na mwakani mkimchagua mvulana hamtakuwa na haja ya kuchapa karatasi nyingine.