LL-37: yaua saratani ya utumbo, yakuza ya ovari?

SWALI

Asalaam alaykum. Mimi ni mwalimu wa baiolojia hapa Lamu mjini. Shangazi yangu alipasuliwa Mombasa kwa saratani ya ovari, na sasa yuko katikati ya kemotherapia. Binamu yetu aliyeko ng'ambo ametuletea vichupa vya unga mweupe vilivyoandikwa LL-37. Asema ni protini ya kinga ya mwili wenyewe, huua bakteria na seli za saratani, na kwamba unga huo huchanganywa na maji ya sindano ukadungwa chini ya ngozi ya tumbo. Nilipotafuta habari zake nikakuta mtaalamu mmoja aandika kuwa protini hii huua saratani ya utumbo mpana, na mwingine aandika kuwa hukuza saratani ya ovari. Protini moja yawezaje kufanya yote mawili? Tena nimesoma kuwa vitamini D huiongeza mwilini. Je, shangazi aache kuota jua la asubuhi barazani? Na kuna mzee amemwambia anywe sifa, yale mafuta ya ini la papa.

Mwalimu, Lamu

JIBU

Wa alaykum salaam, Mwalimu. Shangazi Mungu amjaalie shifaa. Nitangulize lisilosubiri: vichupa hivyo visidungwe. Kwa mgonjwa wa saratani nyingine ningekwambia hivyohivyo, lakini kwa ovari nasisitiza zaidi, na sababu imo ndani ya swali lako lenyewe. Wataalamu wote wawili uliowasoma wamesema kweli.

Tuanze na kitu chenyewe. LL-37 ni peptidi, yaani kipande cha protini. Mwili hutengeneza kwanza protini ndefu zaidi, hCAP18, ikawekwa akiba ndani ya neutrofili, zile seli nyeupe za damu zinazowahi kufika penye jeraha. Seli za ngozi, za njia ya hewa na za utumbo huitengeneza pia, na imo hata katika jasho na maziwa ya mama. Inapohitajika, kimeng'enya hukata ncha yake ya mwisho, nacho kipande hicho chenye amino asidi 37 ndicho LL-37. Jamii ya peptidi hizi huitwa kathelisidini. Ng'ombe na nguruwe wanazo kadhaa; binadamu anayo hii moja tu, na jeni yake, CAMP, iko kwenye kromosomu ya 3. Watafiti waliieleza kwa mara ya kwanza mwaka 1995.

Kazi yake si ndogo. Wako watu wanaozaliwa na ugonjwa wa Kostmann, ambao neutrofili zao ni chache mno. Hata wakipewa dawa ya kuziongeza na idadi ikapanda, LL-37 yao hubaki haba, na fizi zao huendelea kuharibika. Kwa hiyo binamu hakusema uongo kuhusu bakteria. Peptidi hii ina chaji chanya, na utando wa nje wa bakteria una chaji hasi. Vikikutana hunasana, peptidi ikajipenyeza ndani ya utando na kuutoboa. Seli zetu husalimika kwa kiasi kikubwa kwa sababu upande wa nje wa utando wao hauna chaji hasi nyingi, tena una kolesteroli inayouimarisha.

Hapo ndipo wazo la kutibu saratani lilipopatia mlango. Seli nyingi za saratani hupoteza mpangilio wa utando: mafuta yenye chaji hasi, ambayo kwa kawaida hukaa upande wa ndani, hujitokeza nje. Ukizimwagia LL-37 nyingi kwenye sahani ya maabara, zatoboka. Matangazo ya wauzaji huishia hapa. Ukipunguza kipimo, mambo hugeuka: peptidi haitoshi tena kutoboa, lakini yatosha kugusa vipokezi vilivyo juu ya seli, na vipokezi hivyo hutoa amri. Amri gani? Hilo huamuliwa na seli, peptidi haina usemi.

Upepo uleule wa kusi humsukuma nahodha atokaye Mombasa kuja Lamu, na humrudisha nyuma atokaye Lamu kwenda Mombasa. Ndivyo ilivyo LL-37 kwa tishu mbalimbali.

Katika utumbo mpana ulio mzima, seli za ukuta huitoa kwa wingi. Zikigeuka saratani, utoaji hushuka. Watafiti walipowafuga panya wasio na jeni hiyo na kuwapa kemikali inayosababisha saratani ya utumbo, panya hao waliathirika zaidi kuliko wenzao. Ndani ya seli, walionyesha kuwa LL-37 huamsha p53, protini inayosimamia seli mbovu ijiue, na seli ikafa kwa mpango. Tumbo nalo lina kisa chake kinachofanana: LL-37 hupungua kwenye uvimbe, na ikirudishwa huzuia seli za saratani kugawanyika. Juu ya hayo yaua Helicobacter pylori, bakteria ambaye tangu mwaka 1994 amewekwa rasmi katika orodha ya visababishi vya saratani ya tumbo.

Ovari ni habari nyingine kabisa, na hapa ndipo ningependa ukae kidogo, Mwalimu.

Uvimbe wa ovari una hCAP18 nyingi kuliko ovari yenye afya. Mwaka 2009 kundi la watafiti wa Marekani lilionyesha LL-37 inafanya nini mle ndani. Kwanza huchochea seli za saratani zenyewe kuongezeka na kupenya tishu za jirani. La pili ndilo linalonitia hofu zaidi: huziita seli shina za tishu unganishi zitoke kwingine ziingie kwenye uvimbe. Zikishaingia, hutoa kemikali zinazotuliza mfumo wa kinga na nyingine zinazootesha mishipa mipya ya damu, na uvimbe usiopata damu haukui. Watafiti walipoizuia LL-37 kwa kingamwili katika panya, seli zilizoitwa zilipungua na mishipa ikapungua. Kumbuka kwamba kuita seli na kuotesha mishipa si uovu uliobuniwa na saratani. Ndivyo LL-37 inavyoponya kidonda kila siku, kwako na kwangu. Ndiyo maana imewahi kujaribiwa kama dawa ya kupaka kwenye vidonda sugu vya miguu. Uvimbe hupokea huduma iliyokusudiwa jeraha.

Hoja ya utumbo haiwezi kuhamishiwa ovari, na nitakupa sababu utakayoweza kuiandika ubaoni. Njia ya kifo iliyoonekana kwenye utumbo hupitia p53. Katika aina ya saratani ya ovari iliyo ya kawaida zaidi, ile ya daraja la juu, jeni ya p53 imeharibika karibu kwa wagonjwa wote. Hili la kuunganisha mawili hayo ni hoja yangu mwenyewe, sikulitoa kwenye jaribio, lakini sioni LL-37 ingepitia wapi pale mlango wenyewe ukiwa umevunjika.

Saratani za titi na pafu nazo hufuata mkondo wa ovari. Kwenye titi, LL-37 hupatikana zaidi katika uvimbe wa daraja la juu, na huongeza nguvu ya kipokezi cha HER2, kilekile ambacho madaktari hupima kabla ya kuchagua dawa. Kwenye pafu hupitia kipokezi cha EGFR, kinachoamuru seli ikue. Kongosho pia: makrofaji, yaani seli za kinga zinazomeza vijidudu, zilizozunguka uvimbe huitoa, na seli sugu za saratani hiyo zikashamiri.

Melanoma, aina ya saratani ya ngozi, inafaa kutajwa kwa sababu wauzaji huipenda. Ni kweli kwamba huko Houston lilifanyika jaribio la awamu za mwanzo la kudunga LL-37 kwa wagonjwa wa melanoma. Soma vizuri ilidungwa wapi: ndani ya uvimbe wenyewe, kwa kipimo kilichopangwa, chini ya macho ya madaktari, lengo likiwa kuchokoza seli za kinga za pale pale. Kudunga chini ya ngozi ya tumbo nyumbani ni jambo jingine. Dozi ile hutawanyika. Katika damu, LL-37 hushikwa na protini za mafuta, na vimeng'enya huikatakata, hivyo kile kiwango kikubwa kinachotoboa seli kwenye sahani hakifikiwi kwenye ovari. Kikibaki cha kufika, ni kile kidogo, cha vipokezi.

LL-37 haijaidhinishwa kuwa dawa ya saratani. Mwaka 2023 mamlaka ya dawa ya Marekani iliiweka katika kundi la viambata vinavyoweza kuwa na hatari kubwa kiusalama, ambavyo maduka ya dawa hayakupaswa kuvichanganya kwa ajili ya wagonjwa. Na hata tukiiacha peptidi yenyewe, unga uliosafiri kwenye sanduku la nguo haujulikani usafi wake. Shangazi akiwa kwenye kemotherapia, neutrofili zake hushuka kwa siku kadhaa baada ya kila mzunguko. Kwa mtu wa kawaida sindano chafu huleta jipu. Kwake inaweza kuleta maambukizi ya damu. Akipata homa kipindi hiki, hata ya usiku, msingoje asubuhi wala msimpe paracetamol mkatulia: apelekwe hospitali ya hapo Lamu saa hiyohiyo, na mashua ya kuvukia bara, Mokowe, itafutwe baadaye ikibidi kuendelea mbele.

Sasa vitamini D. Umesoma sawa. Jeni ya CAMP ina sehemu ambapo kipokezi cha vitamini D hukaa na kuiwasha, na mwaka 2006 ilionyeshwa kuwa makrofaji ya binadamu huitumia njia hiyo kuua bakteria wa kifua kikuu. Sehemu hiyo tunayo sisi na jamaa zetu wa jamii ya nyani; panya hana. Ukiona tangazo linalothibitisha habari za vitamini D na LL-37 kwa panya wa kawaida, litupe.

Je, basi jua litamkuzia shangazi uvimbe? Hapana, na asifungiwe ndani. Vitamini D ina kazi nyingi mwilini, kuanzia mifupa, na upungufu wake hauna faida kwa mgonjwa. Kwa upande wa pili, asiitegemee kuwa tiba. Jaribio kubwa la Marekani lililowashirikisha watu 25,871, waliopewa yuniti 2,000 za vitamini D kwa siku au kidonge kitupu kwa zaidi ya miaka mitano, lilitoa matokeo mwaka 2018: idadi ya waliopata saratani haikupungua. Jua la asubuhi mapema, niseme ukweli, halitengenezi vitamini D nyingi, hata hapa tulipo karibu na ikweta. Lakini kukaa barazani na watu wakapita wakamsalimu kuna thamani yake, wala hakuna daktari atakayekupinga. Kama kuna shaka ya upungufu, hasa kwa mama avaaye buibui na kukaa zaidi ndani, daktari wake anaweza kuagiza kipimo cha damu na kumpa kiasi kinachostahili.

Sifa asinywe. Namheshimu mzee, lakini mafuta ya ini la papa yaachiwe mafundi wa majahazi wa Matondoni wayapake kwenye vyombo vyao. Ini la papa hukusanya vitamini A kwa wingi, kiasi hubadilika kutoka samaki mmoja hadi mwingine, na ikizidi hudhuru ini. Kemotherapia ya ovari mara nyingi huwa karboplatini pamoja na paklitakseli, na hiyo ya pili huvunjwavunjwa na ini hilohilo. Anayetaka mafuta ya samaki ale samaki.

Kuhusu vichupa: msivitupe jaani watoto wakaviokota, wala msimpe jirani mwenye saratani ya utumbo kwa sababu tu nimesema utumbo ni tofauti. Yale yalikuwa ya panya na sahani. Vipelekeni famasi ya hospitali viteketezwe kwa utaratibu, na mwambieni daktari wake wa saratani kama tayari amewahi kudungwa hata mara moja, lini na kiasi gani. Hatamgombeza. Anahitaji kujua kabla ya mzunguko ujao, maana asipojua, akiona uvimbe penye sindano au damu imebadilika atatafuta sababu mahali pasipo pake. Muulizeni pia kama uvimbe umepimwa jeni za BRCA, ambazo hitilafu zake hurithiwa na kuongeza hatari ya saratani ya ovari na ya titi, kwa kuwa jibu lake hubadilisha dawa anazoweza kupewa baada ya kemotherapia, na huwahusu mabinti na dada zake.

Na binamu msimvunje moyo. Bila shaka alitoa pesa nyingi kwa nia njema. Mwambieni safari ya Lamu kwenda Mombasa kila mzunguko ina nauli ya watu wawili, mgonjwa na wa kumshika mkono, pamoja na mahali pa kulala na vipimo vya damu kabla ya dawa. Hapo ndipo familia nyingi za huku hukwama na kuruka mzunguko, na mzunguko ulioruka ni hasara ambayo hakuna peptidi itakayoilipa.