Simu ya mkataba kwa aliyefilisika: maswali ya wasomaji wa Uingereza

Wasomaji wote walioniandikia wanaishi England, kwa hiyo majibu haya yanafuata sheria ya England na Wales; Scotland ina utaratibu wake.

Nimetangazwa kufilisika mwezi uliopita. Je, sheria inanikataza kuchukua simu ya mkataba? (Msomaji, Leicester)

Haikukatazi. Uamuzi ni wa kampuni ya simu, ambayo kabla ya kukukabidhi simu utakayoilipia kwa miaka miwili huchunguza taarifa zako za mikopo zilizohifadhiwa na Experian, Equifax au TransUnion. Humo amri ya kufilisika hukaa miaka 6 tangu ilipotolewa, ingawa kwa kawaida mtu huachiliwa, yaani hutolewa katika ufilisi, baada ya miezi 12. Hata hivyo, kabla hujaachiliwa ni kosa la jinai, chini ya Sheria ya Ufilisi ya mwaka 1986, kupata mkopo wa pauni 500 au zaidi bila kumweleza mkopeshaji hali yako. Simu nyingi mpya zinazouzwa kwa malipo ya kila mwezi huvuka kiasi hicho, kwa hiyo sema hata kama hujaulizwa.

Nimekataliwa na kampuni tatu. Nijaribu ya nne? (Msomaji, Coventry)

Nakusihi usijaribu kwa sasa. Kila ombi kamili huacha alama kwenye taarifa zako, na maombi mengi ya karibu karibu humfanya mkopeshaji anayefuata aone kwamba umebanwa. Chukua laini peke yake, bila simu, ya kulipia mwezi kwa mwezi. Giffgaff, SMARTY na VOXI, kwa mfano, hutoa laini za namna hiyo bila kuchunguza mikopo, kwa sababu unalipa kwanza ndipo unatumia. Simu yenyewe inunue kwa fedha taslimu, hata ikiwa imekwisha kutumika.

Mtoto wa shangazi yangu yuko tayari kuandikisha mkataba kwa jina lake, nami niwe nalipa. Kuna ubaya? (Msomaji, Birmingham)

Hili limeniumiza kichwa kuliko maswali mengine, kwa sababu najua kwetu ni vigumu kumkatalia ndugu, na aliyeombwa huenda amekubali huku moyo ukisita. Mbele ya kampuni, mdaiwa ni yeye peke yake: ukichelewa kulipa, yeye ndiye atakayedaiwa, na malipo yaliyokosekana yataonekana kwenye taarifa zake kwa miaka 6, labda wakati ule ule anapotafuta mkopo wa nyumba. Makubaliano yenu ya mdomo hayaifungi kampuni. Aidha, baadhi ya mikataba haimruhusu mtu kuchukua simu kwa niaba ya mwingine, na fomu ikijazwa kana kwamba simu ni yake, ndugu yako atakuwa ametoa maelezo ya uongo kwa ajili yako. Ikiwa kweli anataka kukusaidia, akununulie simu ya bei nafuu, nawe umrejeshee kidogo kidogo. Usimwingize katika deni ambalo hawezi kulisimamia.

Nina mkataba wa zamani wenye malimbikizo. Nitapoteza namba yangu? (Msomaji, London)

Malimbikizo yaliyokuwapo siku ya amri huingia katika madeni ya ufilisi, na kampuni haiwezi kukudai moja kwa moja, lakini inaweza kuvunja mkataba na kufunga laini. Namba ikifungwa ni vigumu kuirudisha. Wakati laini bado inafanya kazi, tuma neno PAC kwenda 65075. Utapata msimbo unaodumu siku 30, ambao utaupeleka kwa kampuni mpya ili uhame na namba yako.

Niliachiliwa mwaka jana, mbona bado nakataliwa? (Msomaji, Reading)

Ni kwa sababu ya ile miaka 6. Omba taarifa zako kwa mashirika yote matatu, ni haki yako bila malipo, uhakikishe kwamba kila deni lililoingia katika ufilisi limeandikwa kuwa limefungwa. Ukikuta deni linaloonyesha bado unadaiwa, lalamika kwa maandishi, ukiambatisha nakala ya amri.