Projekti ya wanafunzi? Tafuta kwanza mwenye kazi yake

Kila muhula ukifunguliwa naulizwa na walimu wenzangu, na siku hizi mpaka na wazazi, ati wewe ambaye klabu yako ya wanafunzi hapa Lamu bado iko hai hebu tupe wazo la projekti ya kusaidia jamii. Na mimi wazo huwa sitoi. Nawaambia tafuteni mtu ambaye tayari anaifanya hiyo kazi mtaani, anaamka nayo analala nayo, halafu wapelekeni watoto wakamsaidie. Wengi jibu hili hawalipendi ju halina utamu, halikai vizuri kwa bango.

Sa hii maswali yamezidi manake mtaala umebadilika. Gredi ya 10 ya kwanza imeanza Januari 2026 na huduma kwa jamii ni somo la lazima, si mambo ya klabu ya Ijumaa jioni tena. Zamani ilikuwa ni wale wa President's Award tu, ile tuzo ya vijana ya bronzi, silva na dhahabu, ndio uliowaona wakihangaika kutafuta huduma ya kuandika kwa kitabu chao, sasa ni kila mtoto. Kwa hivyo kila skuli imeingia mbio, na mbio zote zinaishia ufuoni kwa usafi. Mimi sina neno na usafi wa ufuo, plastiki ipo na bahari inaleta nyengine kila kukicha, lakini nimeona gunia zimejazwa, picha zimepigwa, tisheti mpya zimevaliwa, halafu gunia zile zikaachwa pale pale mchangani kwa sababu hakuna aliyeuliza nani atazibeba na zaenda wapi. Ukimuuliza mwenye punda anayebeba taka kila siku angekwambia kwa dakika mbili, ila hakuna aliyemuuliza.

Angalia Flipflopi, lile dau la plastiki lililoundwa hapa hapa kwetu. Lilizinduliwa 2018 na 2019 likatoka Lamu mpaka Zanzibar, kama kilomita 500, mwili wake karibu tani 10 za plastiki na nje limevishwa vipande vya ndara kuukuu. Watu wanaangalia zile rangi. Mimi naangalia fundi, Ali Skanda, manake wazo lile lingebaki hewani kama halikupata mafundi wa jahazi ambao tayari walijua mkuku unalazwa vipi na mataruma yanapindwa vipi, ndipo wakaambiwa haya, mbao muweke kando, jaribuni na hii.

Sisi kazi iliyotushika vizuri haikuwa hata ya mazingira, ilikuwa ya simu. NHIF, ile bima ya afya ya zamani, ilipoondoka Oktoba 2024 ikaja SHA, mamlaka mpya ya bima ya afya, watu wote wakatakiwa kujisajili upya, na wewe fikiria bibi wa Langoni mwenye simu ya kitochi anaambiwa apige *147# ajibu maswali. Mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa ule, mama mmoja mchapakazi sana, alikuwa na nyumba zake kama 100 ambazo ndio kiwango wanachopewa, na alikuwa amelemewa vibaya. Tulimfuata yeye. Hatukwenda na projekti, tulikwenda kumuuliza kazi gani imemshinda, akasema nipe watoto wanaojua simu, wasio na mdomo mrefu.

Hilo la mdomo nalisisitiza. Usajili wenyewe si kitu, shida ni yale maswali ya kupima uwezo wa nyumba, paa lenu ni la nini, munapikia nini, choo ni cha aina gani, sasa mtoto wa kidato cha tatu anaingia ukumbini kwa mtu mzima hata hajaketi, amesimama na simu mkononi, "choo chenu ni cha aina gani?" Bibi akamwangalia kuanzia miguu mpaka kichwa, akasema, "Ndooni mukae kwanza." Wakakaa. Wakaulizwa wao ni wana wa nani, babu zao ni kina nani, wakaletewa kahawa, mmoja akagunduliwa kuwa ni mjukuu wa shoga yake bibi, mambo ya choo yakaja baadaye kabisa na yakajibiwa bila tabu. Toka siku ile watoto wenyewe waliweka utaratibu, salamu, ukoo, halafu simu. Hakuna semina ingewafunza vile.

Ila hapa mwalimu lazima uwe mkali. Kitambulisho cha mtu hakishikwi na mwanafunzi, nambari haiandikwi kwa daftari, PIN haitajwi kwa sauti, na ile namba ya siri inayoingia kwa ujumbe wa simu anaisoma mwenye simu au mwanawe. Watoto waende wawili wawili, wasichana kwa kina mama, na mhudumu awe mtaa ule ule anaonekana. Mtu akipoteza hela kwa simu yake wiki ile, hata kama ni matapeli wa mbali huko, watakaotajwa wa kwanza ni watoto wako.

Mikoko sasa. Ndio projekti inayopendwa zaidi na ndiyo inayokufa zaidi. Lamu ndio yenye sehemu kubwa ya mikoko ya Kenya yote, na ni msitu wa serikali tangu 1932, kwa hivyo huamki tu ukaenda kuchimba matope, unaongea na watu wa misitu na chama cha msitu cha wanakijiji kwanza. Halafu kuna jambo ambalo kina mama wanaootesha miche ya mikoko wanalijua na vitabu vya watoto haviwaambii, kwamba kila aina ya mti wa mikoko ina pahali pake. Mlilana unakaa mbele kabisa kwenye maji, mkoko wenyewe unafuata, mkandaa uko nyuma huku karibu na nchi kavu. Kuna kikundi kimoja nakijua kilikuja na boti mbili, kikapanda matunda ya mkoko kwenye kipwa cha mchanga kweupe ju ndipo picha zinatoka vizuri, bamvua lililofuata, yale maji makubwa, likaondoka nayo yote. Mama mmoja alikuwa amesimama pembeni muda wote ule anaangalia. Nikamuuliza mbona hukusema, akanijibu hawakuniuliza mwanangu, walinipa soda.

Kwa hivyo wanafunzi wangu hawapandi. Wanajaza mchanga kwa vifuko, wanabeba, wanahesabu miche iliyoshika kila mwezi na kuandika, kazi ambayo kina mama hawana muda nayo na ambayo mtoto wa skuli anaiweza sana. Zile hesabu zikija kuombwa na mfadhili, kina mama wanazo.

Mengine ni ya kupanga tu. Fuata kalenda ya watu, si ya skuli peke yake. Kazi ya mikoko yataka maji yakiwa yamekupwa vizuri, na siku za bamvua zaja na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, sasa ukiandika "kila Jumamosi saa nne" utajikuta umesimama kiunoni kwenye maji. Jioni kuna chuo cha Qurani, usigombanie watoto na maalim wao, ongea naye, mara nyingi atakupa siku. Mfungo sita mji mzima uko kwenye Maulidi, ondoa kabisa. Na likizo ya Agosti jiulize kama kazi itaendelea bila nyinyi, ikiwa ni ya mhudumu au ya kina mama itaendelea manake ni yao, wanafunzi wakirudi wanaikuta imesogea mbele.

Pesa sitaki kuizungumzia sana. Tisheti acha. Nauli ya boti ya watoto wa Matondoni na Manda lipa kwanza kabla ya kitu chochote, la sivyo projekti itakuwa ya watoto wa mjini peke yao. Na wazazi wa wasichana nenda mwenyewe ukaongee nao barazani, usitume barua, barua inasomwa na mtoto.

Kama uko huku na hujui uanzie kwa nani, nenda ofisi ya BMU, kile kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo, iliyo karibu na wewe asubuhi mapema wavuvi wakiwa wanarudi, au kituo cha afya uulize orodha ya wahudumu wa mtaa wako. Usiende na barua yenye muhuri. Nenda na wanafunzi wawili, mukae, musikilize.