Basi la Washington nalo ni kipande

SWALI: Shikamoo shangazi. Natafuta tiketi ya kuzunguka dunia ya oneworld, ule muungano wa mashirika ya ndege, yenye kikomo cha vipande 16. Nitatoka Dar kwenda London, New York, Washington, Los Angeles, Tokyo na Hong Kong, kisha nyumbani. New York hadi Washington nitapanda basi. Miji ni sita, kwa hiyo nimetumia vipande vingapi? – Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Umehesabu miji, wao wanahesabu kuponi, yaani vipande vya safari kwenye tiketi. Kila unapobadilisha ndege ni kipande kipya, hata kama Doha utakunywa chai tu uwanjani. Dar–Doha kimoja, Doha–London cha pili, New York cha tatu. Na hilo basi? Cha nne! Nauli unalipa mwenyewe mfukoni, lakini pengo la nchi kavu linahesabiwa vilevile. Washington–Los Angeles tano, Tokyo sita, Hong Kong saba, kurudi Doha nane, Dar tisa. Umebakiwa na saba.

Nilipokuwa nakata tiketi pale Posta nilimwuzia mteja safari nikasahau treni yake moja. Vipande vikawa 17, mfumo ukaikataa, na yule baba nusura anivue kilemba.

Lakini usivimalize hivyo saba bara moja: Amerika ya Kaskazini mwisho ni vipande sita, mabara mengine vinne kila moja. Ndege yenye namba ileile inayotua njiani kisha ikaendelea, hiyo ni kipande kimoja.